Sauti Zilizorudi Bila Majina

Mtu anayeniletea flashi iliyopoteza faili huanza hadithi mbali sana. Atanieleza aliinunua wapi, nani aliiazima, watoto walikuwa wapi siku hiyo. Mimi nasubiri kipande kimoja tu: baada ya kuona faili hazipo, ulifanya nini tena? Hapo wengi huangalia chini. Mmoja aliifomati kwa kuwa kompyuta yenyewe ilimwomba aifomati. Mwingine alitafuta programu ya kuokoa faili, akaipakua ndani ya flashi ileile aliyotaka iokolewe. Yuko na aliyeendelea kuhifadhi kazi zake humo wiki nzima, akingoja za zamani zirudi zenyewe. Katika kibanda changu cha Kitale, hatua chache kutoka steji ya matatu, nimeona kwamba ajali yenyewe mara nyingi hujeruhi tu. Anayeua ni mwenye mali, kwa pupa ya kutibu.

Kijana aliyenipigia simu kutoka Bungoma mjini hakuwa wa kundi hilo.

"Fundi, nimeichomoa, nimeifunga kwenye karatasi, na tangu hapo sijaichomeka popote."

Nikamwuliza nani alimfundisha hivyo. Hakuna, akasema, mikono ilikuwa ikimtetemeka, akaona akiendelea ataharibu zaidi. Nimekutana na mafundi wenye vyeti ambao hawana hofu ya namna hiyo, na wateja wao wamelia.

Flashi haikuwa yake. Ilikuwa ya mjomba wake, khocha kama wasemavyo Wabukusu, mwalimu mstaafu anayeishi upande wa Chwele. Kwa miaka mingi mwalimu huyo alizunguka vijijini akirekodi wazee: historia za koo, maneno ya matangani, mabishano ya mipaka, nyimbo za kutahiri. Alianza na kaseti. Baadaye kaseti hizo zilihamishwa kuwa MP3 katika saiba moja, na ilikuwa bahati, maana kaseti zenyewe hazikudumu: wajukuu walirekodi kwaya juu yake. Kaseti walau ilikuwa na kijino cha plastiki mgongoni. Ukikivunja, redio inakataa kurekodi juu ya kilichomo. Kadi ya SD ya kamera nayo ina kitufe kidogo cha kuteleza pembeni kwa kazi hiyohiyo. Flashi nyingi hazina kinga yoyote. Sijui ni maendeleo gani hayo ya kuacha kijino nyuma.

Kaseti zilipokwisha, mwalimu alirekodi kwa simu. Sauti, picha na maelezo aliyoyachapa mwenyewe vyote vilikaa kwenye flashi moja ya gigabaiti 16, iliyofungwa pamoja na funguo za nyumba.

Kijana naye alitaka kuifufua laptopu kuukuu ya nyumbani kwao kwa kuiwekea Ubuntu. Kwa kazi hiyo unapakua faili moja kubwa yenye mfumo mzima, na ya toleo la 20.04 inazidi gigabaiti 2 na nusu, kisha unaiandika kwenye flashi tupu ili kompyuta iwake kutoka humo. Flashi tupu alikuwa nayo. Ya mjomba alikuwa amepewa akachapishe barua. Zote mbili zilikuwa zimechomekwa kwa wakati mmoja, zote gigabaiti 16, zote za kampuni moja, kwa sababu zilinunuliwa mtaa mmoja.

Kwenye Linux, diski za namna hiyo hupewa herufi kwa kadiri zinavyotambuliwa. Ile ya ndani ya kompyuta kuukuu kwa kawaida ni sda, flashi ya kwanza kuchomekwa ni sdb, ya pili sdc. Kuna amri ya lsblk inayoziorodhesha na ukubwa wake, na kijana hakuisahau; aliiandika, ikamwonyesha flashi mbili zenye ukubwa uleule. Akachagua ya juu. Kisha akaandika dd, if= na jina la faili ya Ubuntu, of=/dev/sdb. Ya kwanza ni inakotoka data, ya pili ni inakokwenda. Flashi tupu ilikuwa sdc.

Programu ya dd ni ya miaka ya 1970, enzi za mwanzo za Unix, na haina desturi ya kuuliza. Ukiiambia andika, inaandika. Ikimaliza inakupa idadi ya vipande ilivyosoma na ilivyoandika, basi. Watu huilaumu kwa hilo. Mimi siilaumu sana. Nimewaona wateja wakibonyeza "ndiyo" kwenye kila kidirisha kinachowauliza kama wana uhakika, tena kabla hawajamaliza kusoma swali. Swali lisilosomwa halilindi mtu.

Kabla sijakubali kuipokea flashi nilimpa kijana sharti: mwambie mjomba wako kwanza. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Kwa Wabukusu, khocha si ndugu wa mama tu. Ndiye ambaye kijana humwendea akikaribia kutahiriwa, akapewa nyama ya heshima, na asipompokea shughuli yote inaingia dosari. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba umeandika juu ya sauti za wazee waliokwisha kufa si jambo la kutumiana ujumbe wa simu. Ilibidi aende Chwele. Sikuweka sharti hilo kwa ajili ya adabu pekee. Nilijua nitakayoyaona humo yana mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye.

Alikuja Kitale na matatu ya kupitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, karatasi ikiwa ndani ya mfuko wa shati. Mwalimu alikuwa ametoa ruhusa kwa maneno machache: fundi afanye, lakini mimi nisikie kila kitu kabla ya mtu mwingine.

Jambo la kwanza kufanya katika kazi hii ni hesabu, na haihitaji kompyuta. Flashi ina gigabaiti 16. Kilichoandikwa juu yake ni chini kidogo ya 3, tena kuanzia mwanzo wa flashi na kwenda mbele bila kuruka. Sehemu hiyo imekwenda. Hakuna programu ya bure wala ya kulipia itakayosoma kilichokuwa chini ya maandishi mapya, na fundi anayekuahidi hivyo anataka pesa yako. Lakini gigabaiti 13 zilizobaki hazijaguswa. Kompyuta inasema flashi ni "Ubuntu" na haioni kingine kwa sababu kilichopotea ni orodha.

Flashi nyingi hutumia mpangilio wa FAT32. Ndani yake kuna jedwali linaloeleza kila faili imelala katika vipande gani, na waliobuni mpangilio huo walijua jedwali likiharibika mambo yameisha, wakaweka nakala mbili. Tatizo ni kwamba waliziweka jirani, moja baada ya nyingine, mwanzoni kabisa mwa diski. Hapa kwetu mkulima hawezi kufanya hivyo: huwezi kuweka mbegu ya mwaka ujao ghala moja na mahindi ya kula, maana moto ukija hauchagui. dd ilipopita, nakala zote mbili zilikwenda katika sekunde za mwanzo, pamoja na orodha kuu ya majina.

Kuna jambo lililonisikitisha zaidi, nami sikumwambia kijana siku ile. FAT32 kwa kawaida hujaza nafasi kutoka mbele. Faili za kwanza kuwekwa kwenye flashi ikiwa mpya hulala karibu na mwanzo. Faili za kwanza za mwalimu zilikuwa zile za kaseti, yaani wazee wa kale kuliko wote, na hao ndio waliokuwa wamelala mahali Ubuntu ilipoangukia.

Niliichomeka flashi kwenye kompyuta niliyoizuia isifungue diski yoyote yenyewe, nikaipa amri ya kuifanya isomeke tu isiandikike. Kisha nikaanza kunakili flashi nzima, baiti kwa baiti, pamoja na sehemu inayoonekana tupu, kwenda kwenye diski kubwa ya nje. Kwa hilo ningeweza kutumia dd ileile iliyoleta msiba, nikibadilisha tu upande wa if na wa of. Nilitumia ddrescue ya Antonio Díaz Díaz, kwa sababu moja ya Kitale kabisa: mvua ya alasiri hapa mara nyingi huondoka na stima. Programu hiyo huandika pembeni ramani ya sehemu ilizokwisha kusoma. Stima ilikatika kweli katikati ya kazi. Iliporudi niliandika amri ileile, ikaendelea pale ilipoachia. Mara nakala ilipokamilika, flashi iliingia kwenye bahasha na haikutoka tena. Kazi yote iliyofuata niliifanya juu ya nakala. Ukikosea kwenye nakala unanakili upya. Ukikosea kwenye flashi yenyewe, utamweleza nini khocha?

Chombo cha kutafutia kilikuwa PhotoRec, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Jina lake linadanganya kidogo, kwani haitafuti picha tu. Inatambua mamia ya aina za faili. Haijali jedwali lililopotea. Inatembea juu ya diski sekta kwa sekta ikiangalia alama ambazo kila aina ya faili hubeba kichwani. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF. PDF huanza kwa kujitaja yenyewe. Rekodi za AMR, zile ndogo za simu za zamani, zina maneno #!AMR mwanzoni. Faili ya Word ya siku hizi huanza na herufi PK, kwa sababu ndani yake ni furushi la ZIP, na PK ni Phil Katz, Mmarekani aliyebuni ZIP na kufariki mwaka 2000. Nimekuwa nikimwona mtu huyo kila siku kazini. Waraka wa chifu, wasifu wa mtafuta kazi, ratiba ya mazishi, vyote vinafunguka kwa herufi za jina lake.

Nilikata nakala yangu, nikaacha nje sehemu iliyofunikwa na Ubuntu ili nisichanganye mizizi na magugu, nikaiachia PhotoRec ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na folda baada ya folda, na ndani yake mamia ya faili zenye majina yanayoanza na f kisha namba. Namba hiyo ni ya sekta faili ilipoanzia. Ndiyo anwani pekee iliyobaki.

Kabla sijafungua hata moja nilimpigia mwalimu. Watu hawajui kwamba chombo cha namna hii kikiingia hakitofautishi faili iliyopotea kwa ajali na ile iliyofutwa kwa makusudi. Kinaleta zote. Flashi iliyopita saiba nyingi hubeba nakala za vitambulisho vya watu wasiojulikana, fomu za mikopo, barua ambazo mwandishi alizifuta kwa sababu nzuri. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, lakini hata kabla ya sheria hiyo fundi mwenye akili alijua kwamba anachokikuta ndani ya mali ya mtu si chake kukisimulia. Nilimweleza mwalimu, akacheka kwenye simu. "Barua za mapenzi hutazipata," akasema, "hizo nilichoma."

Nilipopanga faili kwa aina, picha ilianza kujitokeza, na haikuwa niliyotarajia. Rekodi za simu zilirudi nzima karibu zote. Faili ndefu iliyonakiliwa mara moja kwenye nafasi wazi hulala kwa mfululizo, na PhotoRec inaipenda faili ya namna hiyo: inaanza kichwani na kwenda mpaka mwisho. Kilichokuja kimevunjika ni maelezo yaliyochapwa. Mwalimu alikuwa na waraka mmoja wa Word ambao kwa miaka aliufungua, akaongeza mistari, akauhifadhi. Faili inayokua hivyo hutawanyika, kipande hapa kipande kule, na jedwali ndilo pekee lililojua kuviunganisha. Tena ZIP huweka orodha ya yaliyomo mwishoni mwake. Mwisho ukikosekana, Word inakataa kuifungua. Niliambulia mistari michache.

Nilimwuliza mwalimu waraka ule ulikuwa wa nini. Akakaa kimya, kisha akasema ulikuwa na orodha ya rekodi zote: nani anasema, wapi, lini, na kwa shughuli gani.

Kwa hiyo tulikuwa na sauti, lakini hatukuwa na wenye sauti. Majina ya faili yalikufa na orodha kuu, maelezo yalikufa na waraka. Mtu wa kompyuta angeweza kusema kazi imekwisha, data imerudi, lipa. Kwa hesabu ya gigabaiti angekuwa sahihi.

Pale Kitale tuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974, na chimbuko lake ni mkusanyiko wa Hugh Stoneham, mwanajeshi Mwingereza aliyekusanya wadudu, vitabu na vitu vya kila namna, na mwaka 1926 akaanzisha makumbusho yake huku. Nimepita humo mara nyingi, hasa siku za mvua. Kipepeo aliyechomwa pini bila kibandiko ni uchafu wenye rangi nzuri. Kibandiko kinachosema alikamatwa wapi na lini ndicho kinachomfanya awe elimu. Nilizikumbuka zile kabati nilipokuwa nikisikiliza faili ya kwanza: mzee anakohoa, anasema kwa Kibukusu kwa dakika nyingi, mbuzi analia, rekodi inakatika. Alikuwa nani? Mashine yangu haikuwa na jibu, wala hakuna programu ningeweza kupakua.

Ndipo safari ikageuka, nami nikaenda Bungoma. Nilibeba laptopu na spika ndogo, nikashukia Kanduyi, na kijana akanipeleka kwa mjomba wake. Tulikaa barazani. Mwalimu alikuwa na daftari jipya la kuandikia, la mistari, kama la mwanafunzi wa darasa la nne, na alikuwa ameshapiga mistari ya safu kwa rula.

Nilidhani yeye ndiye atakayezitambua sauti nyingi. Alizitambua, lakini aliyemshinda ni mkewe. Mwalimu aliposikiliza alifuata maneno: historia, methali, mtiririko wa koo. Mama yeye alikuwa ndiye aliyewapikia chai wazee wale miaka yote, akawasikia wakiomba sukari na kuuliza habari za watoto. Alikuwa akipita na sinia, anasimama kidogo, anasema, "Huyo ni yule wa Sirisia aliyekuwa na jino moja," anaendelea. Mwalimu alibisha mara mbili tatu mwanzoni. Baadaye aliacha, akamletea kiti.

Rekodi waliyoililia zaidi ilikuwa ya kumuse. Wabukusu wakimzika mzee mwenye heshima, huja siku ambapo msemaji husimama mbele ya watu waliokaa, akatembea katikati yao akisema: koo zilikotoka, nani alimzaa nani, vita na mapatano, na maonyo kwa walio hai. Si kila mwenye sauti nzuri huruhusiwa kuisema. John Wanyonyi Manguliechi alisifika Bungoma nzima kwa kazi hiyo, na wasomi wamemwandika. Msemaji wa rekodi yetu hakuwa maarufu kiasi hicho, lakini kwa familia aliyoisemea hana mbadala, na amekwisha kufa.

Hiyo ilikuwa moja ya kaseti za zamani zilizogeuzwa MP3, na kwa mpangilio nilioueleza ilipaswa kuwa imekwenda yote. Lakini MP3 ina sifa moja njema. Imejengwa kwa vipande vifupi sana, kila kimoja kikibeba alama yake ya kuanzia, hivyo ukiipokonya kichwa, mwili bado unacheza. Rekodi ya kumuse ilikuwa imelala palepale kwenye mpaka: mbele yake Ubuntu imeila, nyuma yake imepona. Iliyobaki inaanza katikati ya neno. Nyingine zilikuwa vipande vilivyotawanyika, na hapo ndipo nilipoona ujuzi ambao sikuwa nao. Mwalimu alisikiliza kipande kimoja, msemaji akitaja Lumboka na Chetambe, ngome ambazo Waingereza walizivamia mwaka 1895. Akaniambia kipande hiki kikae baada ya kile cha koo, kwa sababu msemaji yule hagusi Chetambe kabla hajamaliza koo za upande wa marehemu. Tukakiweka. Pumzi ya mwisho ya kipande cha kwanza na neno la kwanza la kile cha pili vilikutana bila pengo. Namba za sekta, nilipozitazama baadaye, zilikubaliana naye.

Mzee mwingine hakutambuliwa kwa sauti bali kwa rika. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka na kurudi: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Alipojitaja kuwa wa Sawa na kumtania mtu wa Chuma aliyekaa karibu, mama alijua mara moja ni mazungumzo ya wapi, kwa kuwa wawili hao walikaa pamoja kwenye matanga mamoja tu, Ndivisi.

Picha zilikuwa na utata wake. Picha ya kamera hubeba ndani yake tarehe iliyopigwa na aina ya kamera, na hiyo haipotei hata jina la faili likipotea. Nilijigamba kidogo kwamba hapa mashine itatusaidia. Tukafungua picha za wavulana waliojipaka unga na kushika chinyimba mikononi, njuga za chuma za watahiriwa. Kamera ikasema zilipigwa tarehe 1 Januari. Mwalimu aliniangalia kwa huruma. Huku kwetu Bungoma, akasema, hakuna mtoto anayecheza chinyimba Januari; hiyo ni Agosti, na ni mwaka unaogawanyika kwa mbili. Betri ya kamera ilikuwa imekufa na saa yake kurudi mwanzo. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mwaka gani kati ya miaka hiyo, na kijana, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, ndiye aliyeonyesha binamu yake pembeni ya picha akiwa bado mdogo wa kubebwa. Mama akahesabu kwa vidole, tukapata. Mjomba akamwambia aandike yeye mwenyewe kwenye daftari. Nadhani ndiyo siku walipoelewana tena, ingawa hakuna aliyesema lolote kuhusu jambo hilo.

Siku hizi mwalimu anarekodi kwa namna tofauti. Kabla ya mzee kuanza, anataja mwenyewe, kwa sauti, ndani ya rekodi: jina la msemaji, kijiji, tarehe, shughuli, na waliopo. Inachukua chini ya dakika. Wazee wengine hukereka, wanasema anafanya kama yuko kortini. Lakini sasa jedwali likipotea, waraka ukivunjika, jina la faili likigeuka namba, sauti yenyewe itajitambulisha. Nimeanza kuwashauri hivyo wateja wa kila aina: mwanakwaya ataje wimbo, mkulima apige picha ya karatasi yenye namba ya shamba kabla ya kupiga ya mahindi. Nakala wanazozihitaji wote wanazijua, nao huzipuuza. Hili la kuitambulisha faili ndani yake, wengi hawajawahi kulisikia.

Nakala za mwalimu ziko tatu. Moja iko Chwele kwenye diski isiyotoka ndani ya nyumba, moja kwa binti yake Nairobi, na ya tatu kwenye ile laptopu kuukuu, ambayo hatimaye iliwekewa Ubuntu na inakwenda vizuri. Kijana alipoiandika flashi mara ya pili alichomoa kila kitu kingine kwanza, hata kipanya.

Daftari halijajaa. Zimebaki faili kadhaa zisizo na mwenyewe, na moja inasumbua kuliko zote: mzee anaeleza namna mipaka ya shamba fulani ilivyowekwa, akitaja miti na kijito, kwa utulivu kabisa. Mwalimu anaapa ni wa Kabuchai. Mama anasema sivyo, ni ndugu yake mkubwa aliyehamia upande wa Kimilili, na kwamba sauti zao zilifanana tangu ujanani. Familia zote mbili zimesikilizishwa, na zote mbili zimemdai. Kwa kuwa aliyosema mzee huyo yanahusu ardhi, mwalimu amekataa kuipa faili jina lolote mpaka watu wa pande zote wakae pamoja. Amewaita mwezi wa Agosti, na ameniambia nije na spika kubwa zaidi.